Rai ya Umma na Sulhu ya Siri: Mhadhara juu ya Oktoba 1962



Maudhui niliyopewa jioni hii ni rai ya umma na namna inavyoweza kuupandisha au kuuteremsha ugomvi baina ya mataifa yenye silaha za nyuklia. Na kwa kuwa jambo hili likiachwa katika upana wake halitatufikisha popote, nimeonelea tulisome ndani ya kisa kimoja, ambacho nyaraka zake nyingi zimekwisha kufunguliwa na sauti za wahusika wake zingali zinasikika katika mikanda, nacho ni kisa cha makombora ya Kuba, mwezi wa Oktoba 1962. Wengi wetu tulikisoma shuleni. Nathubutu kusema kwamba tulisomeshwa nusu yake tu, na kwamba nusu iliyofichwa ndiyo iliyookoa roho za watu.

Kisa chenyewe, kama kinavyosimuliwa aghlabu, ni hiki. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 16 Oktoba, Rais John F. Kennedy wa Marekani alionyeshwa picha zilizopigwa siku mbili kabla na ndege ya upelelezi ya U-2, zikithibitisha kwamba Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukijenga katika kisiwa cha Kuba, maili 90 tu kutoka Florida, vituo vya makombora yenye uwezo wa kufikisha mabomu ya nyuklia katika miji ya Marekani. Baada ya siku sita za mashauriano ya faragha, Jumatatu usiku, tarehe 22, aliwatangazia raia wake kwa televisheni habari hiyo pamoja na amri ya kuzuia kwa manowari kila shehena ya silaha inayoelekea Kuba. Dunia ikakaa roho juu. Na Jumapili ya tarehe 28 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, akatangaza kwa Radio Moscow kwamba makombora yatafunguliwa na kurejeshwa yalikotoka. Mmoja alisimama imara, mwenziwe akarudi nyuma, na huo, tukaambiwa, ndio mwisho wa habari.

Sasa turejee siku ya kwanza. Kennedy alikuwa ameficha mitambo ya kunasa sauti katika chumba cha baraza, na washauri wake walio wengi hawakuwa na habari nayo, kwa hiyo tunawasikia wakisema yale ambayo mwanasiasa hayasemi mbele ya mwandishi wa gazeti. Jioni ile ya tarehe 16, Robert McNamara, Waziri wa Ulinzi, alisema bila ya kuzungusha maneno kwamba kwa maoni yake makombora yale hayakuwa tatizo la kijeshi, bali lilikuwa tatizo la siasa za ndani. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwani Marekani wakati ule ilikuwa imewazidi Wasovieti mara nyingi kwa wingi wa silaha za nyuklia, na makombora yale machache hayakuigeuza mizani kiasi cha kuhalalisha hatari ya kuiteketeza dunia. Dhiki ya Rais ilitoka kwingine. Tangu tarehe 31 Agosti, Seneta Kenneth Keating wa New York alikuwa akilalamika hadharani kwamba Wasovieti wanaingia Kuba na serikali haichukui hatua; uchaguzi wa Congress ulikuwa umepangwa tarehe 6 Novemba; na Kennedy mwenyewe, katika kuwajibu wapinzani, alikuwa ametoa matamko mawili mwezi wa Septemba, tarehe 4 na tarehe 13, akionya kwamba silaha za kushambulia zikiwekwa Kuba, Marekani haitalivumilia jambo hilo. Alitamka hayo akiamini kwamba analolikataza halitatokea, na lilipotokea akajikuta amefungwa na kauli yake. Siku hiyohiyo ya tarehe 16 mkanda ulimnasa akisema kwamba ingalifaa mwezi uliopita atangaze tu kwamba hawajali. Na ndugu yake Robert, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, ameeleza katika kumbukumbu zilizochapishwa mwaka 1969, baada ya kuuawa kwake, kwamba wao wawili walikubaliana faraghani kuwa lau Rais asingalichukua hatua yoyote, yamkini Congress ingalimshitaki na kumwondoa madarakani.

Naomba tutue hapa, maana hapa ndipo penye mzizi wa maneno yangu. Mpaka saa hiyo McNamara anaposema, raia wa Marekani hawajui lolote juu ya picha zile, hawajaulizwa neno, wala hawajatoa rai yoyote. Kilichokuwamo ndani ya chumba kile hakikuwa rai ya umma; kilikuwa dhana ya watawala juu ya rai ya umma. Na dhana hiyo ni kitu cha hatari kuliko rai yenyewe, kwa sababu rai iliyosemwa wazi yaweza kujibiwa, kufundishwa, hata kugeuzwa, ilhali dhana iliyozaliwa faraghani haina wa kuisahihisha. Watu waliokuwa na uwezo wa kuua mamilioni walikuwa wakiogopa hukumu ya raia wenzao ambao hawakupata kuulizwa.

Insafu yanitaka niseme pia kwamba zile siku sita za kimya zilikuwa na kheri yake. Siku ya kwanza wengi waliokuwamo barazani walielekea kwenye shambulio la ndege, bila ya onyo. Kufikia mwisho wa juma walikuwa wameelekea kwenye mzingiro wa bahari, ambao ulimwachia adui nafasi ya kufikiri. Kennedy alikiri mwezi wa Desemba mwaka uleule kwamba lau wangalilazimika kuamua katika saa 24 za mwanzo, wasingalichagua kwa busara waliyochagua nayo baadaye. Nami naafiki. Tangu mwaka 1992, katika mkutano uliofanyika Havana, imejulikana kwamba Wasovieti walikuwa pia na silaha ndogo za nyuklia za medani, tayari kisiwani, nao askari wao huko walikuwa zaidi ya 40,000, idadi iliyozidi kwa mbali makadirio ya Wamarekani. Shambulio la ghafla lingaliangukia yote hayo.

Jumamosi ya tarehe 27 ndiyo siku ambayo mambo yote yaliwaponyoka wakubwa mikononi. Ndege ya U-2 ilitunguliwa juu ya Kuba, na rubani wake, Meja Rudolf Anderson, akafa. Ndege nyingine ya namna hiyo ilipotea njia karibu na ncha ya kaskazini na kuingia anga ya Siberia. Ndani ya bahari, manowari za Marekani zilikuwa zikiirushia mabomu madogo ya kuionya nyambizi ya Kisovieti B-59, iliyochoka, yenye joto kali na hewa nzito, na ambayo, bila ya Wamarekani kujua, ilikuwa na topido moja ya nyuklia. Kapteni wake alitaka kuitumia, na Vasili Arkhipov, afisa mwenye cheo aliyekuwamo, akakataa. Asubuhi ileile Khrushchev, baada ya kutuma barua ya faragha usiku uliotangulia, alitangaza sharti jipya kwa redio, dunia nzima ikisikia: makombora ya Kuba yaondoke, na Marekani nayo iondoe makombora yake ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki.

Yalikuwa 15 tu hayo ya Uturuki, tena yalikuwa yamekwisha kupitwa na wakati. Katika mkanda wa siku ile Kennedy anasikika akiwaambia washauri wake, zaidi ya mara moja, kwamba kwa mtu yeyote mwenye akili mabadilishano hayo yataonekana ni ya haki. Washauri wake wengi walimpinga: wakihofia washirika wa NATO, wakihofia Waturuki, wakihofia itakavyosomwa magazetini. Sharti lilikuwa jema, ila lilikuwa limetangazwa, na kwa kutangazwa huko likawa muhali kukubaliwa hadharani. Lingaliweza kukubaliwa kwa kunong'onezana tu, na ndivyo ilivyokuwa.

Usiku ule Kennedy na baadhi ya washauri wake, watu wapatao tisa, walikutana kwa faragha, na baadaye Robert Kennedy akampokea Balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, ofisini kwake, katika Wizara ya Sheria. Alimwambia kwamba Jupiter zitaondolewa katika muda wa miezi minne au mitano, lakini jambo hilo halitaandikwa, halitatangazwa, wala halitakubaliwa kuwa ni sehemu ya mapatano. Tena Rais alikuwa ameandaa njia nyingine iliyojulikana mwaka 1987 tu, pale Dean Rusk, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alipoifichua: Andrew Cordier wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa amewekewa tayari tamko la kumpa U Thant wa Umoja wa Mataifa, ili pendekezo la kubadilishana lionekane limetoka kwa mpatanishi. Njia hiyo haikuhitajika. Asubuhi yake Moscow ilikubali.

Lakini kuna karatasi moja ambayo kwangu inaeleza zaidi kuliko picha zote za U-2. Tarehe 29 Oktoba Dobrynin alimletea Robert Kennedy barua ya Khrushchev iliyoyataja mapatano ya Uturuki kwa maandishi. Siku iliyofuata Robert alimrudishia. Dobrynin aliripoti Moscow sababu aliyopewa: barua za namna hiyo hakuna ajuaye zitazuka wapi na lini, na kuzuka kwake kungeweza kumharibia yeye binafsi mustakabali wake wa siasa. Tazameni hali hiyo. Hatari kubwa kuliko zote zilizopata kuwafika wanadamu imepita siku mbili tu. Sharti lililoiondoa liko mkononi, katika karatasi. Na mwenye kulipokea analirudisha kama mtu anavyorudisha kitu cha wizi, kwa kuhofia kwamba wapiga kura watajua alivyofanya jambo la busara.

Kila aliyewahi kukaa na wazee wetu wa mwambao wakisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba anajua kwamba sulhu haisimami mpaka kila upande uachiwe stara yake, na kwamba mzee hodari ni yule anayemfanya mwenye kushindwa atoke barazani kichwa kikiwa juu. Kwa hiyo simlaumu Kennedy kwa kutafuta stara. Tofauti ni kwamba baraza la wazee linajua nani katoa nini. Mtaa mzima unajua, na watoto wanakua wakijua, kwamba mgogoro ule uliisha kwa huyu kuachia mnazi na yule kuachia kisima. Washington ilichukua stara ikaiacha elimu, na gharama yake ilianza kulipwa mara moja.

Wa kwanza kulipa alikuwa Adlai Stevenson, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Yeye alikuwa amependekeza waziwazi, tarehe 20 Oktoba, kwamba Jupiter zitiwe katika mapatano. Mwezi wa Desemba gazeti la Saturday Evening Post lilichapa makala yaliyomwonyesha, kwa kauli ya afisa asiyetajwa jina, kuwa ni mtu aliyetaka kurudia udhalili wa Munich wa mwaka 1938, wa kumridhia Hitler. Waliojua kwamba Rais amefanya jambo lilelile walinyamaza. Wa pili alikuwa Khrushchev, ambaye hakuweza kuwaonyesha watu wake alichopata, akaitwa mwoga na Wachina, na alipoondolewa madarakani Oktoba 1964 kisa cha Kuba kilikuwa miongoni mwa aliyoshitakiwa kwayo. Wa tatu, na hapa nasema kwa uzito wote, walikuwa raia wenyewe wa Marekani pamoja na viongozi waliofuata. Lyndon Johnson, Makamu wa Rais, hakuwa miongoni mwa wale tisa. Alirithi nchi iliyoamini kwamba Mkomunisti akisimamiwa kidete atarudi nyuma, na kwamba kuridhiana ni aibu. Na kwa imani hiyo, na kwa hofu ya kuitwa mwoga, aliingia Vietnam hatua kwa hatua. Sisemi kwamba siri ya Jupiter ndiyo iliyoleta Vietnam. Nasema kwamba taifa lililosomeshwa kuwa amani ya 1962 ilipatikana kwa ubishi tupu lilikosa kielelezo cha namna nyingine ya kutoka katika ugomvi, ilhali kielelezo hicho kilikuwapo, kimefungiwa sandukuni. Theodore Sorensen, mwandishi wa hotuba za Kennedy, aliyezitengeneza zile kumbukumbu za Robert kwa ajili ya kuchapishwa, alikiri katika mkutano wa Moscow Januari 1989 kwamba yeye ndiye aliyeyaondoa humo maneno yaliyoonyesha wazi kwamba Jupiter zilikuwa sehemu ya mapatano. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu kisa chenyewe.

Je, raia wangaliambiwa, wangalikubali? Hapa sitaki kuwapaka watu rangi ya malaika. Mwezi wa Agosti 1945 shirika la Gallup lilipowauliza Wamarekani juu ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, asilimia 85 waliafiki. Mwaka 2015, baada ya miaka 70 ya kufikiri, waliosema kwamba ilikuwa haki walikuwa wangali asilimia 56. Na mwaka 2017 wataalamu wawili, Scott Sagan na Benjamin Valentino, walichapisha utafiti ambamo Wamarekani walipewa kisa cha kubuni cha vita na Iran, wakaulizwa kama wangeafiki mji kupigwa bomu la nyuklia na kuuawa raia 100,000, ili kuokoa askari 20,000 wa Marekani. Zaidi ya nusu waliafiki. Matokeo haya yanachoma. Lakini nayasoma hivi: mtu akiwekewa mbele yake njia mbili tu, kuua au kufiwa, atachagua kuua, na hakuna katika swali la namna hiyo, kama ambavyo hakukuwa katika masimulizi ya 1962, njia ya tatu ya balozi na waziri katika chumba kimoja usiku.

Hata hivyo umma una mkono mwingine. Tarehe 30 Novemba 1950, Rais Truman wa Marekani alipowaambia waandishi kwamba matumizi ya bomu la atomiki katika vita vya Korea yalikuwa yakifikiriwa, hamaki iliyozuka katika Bunge la Uingereza ilikuwa kubwa hata Waziri Mkuu Clement Attlee akapanda ndege hima kwenda Washington. Mwaka 1954, baada ya jaribio la Bravo, la bomu la nyuklia la Marekani, la tarehe 1 Machi kuwanyeshea majivu ya sumu wavuvi 23 wa Kijapani katika mashua yao na mmoja wao, Aikichi Kuboyama, kufa mwezi wa Septemba, akina mama wa mtaa wa Suginami mjini Tokyo walianza kukusanya saini, na saini hizo zikapita milioni 30. Huko St. Louis, Marekani, tangu 1958, wazazi walikuwa wakituma kwa bahasha meno ya utotoni ya watoto wao, yale ambayo huku kwetu mtoto huyarusha juu ya paa akiomba mengine. Wataalamu wakayapima na kukuta strontiamu 90, sumu itokayo katika majaribio ya mabomu, ambayo huanguka malishoni, ikaingia katika maziwa ya ng'ombe, na kutoka katika maziwa ikajenga mfupa na jino kwa kuwa mwili huidhania chokaa. Mtoto aliyetoa jino alipewa kifungo cha kuvaa kifuani, kikitangaza kwamba ametoa jino lake kwa ajili ya sayansi. Meno yaliyokusanywa yalizidi 300,000. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio angani, majini na katika anga za juu ulitiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963, na Seneti ya Marekani ikauridhia kwa kura 80 dhidi ya 19. Raia walewale waliodhaniwa Oktoba 1962 kuwa hawawezi kuvumilia kuridhiana, waliridhiana mbele ya macho ya watu wote katika muda usiotimia mwaka, kwa sababu safari hii walikuwa wameambiwa kinachoingia vinywani mwa watoto wao.

Afrika nayo haikunyamaza. Ufaransa ilipolipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari 1960, Ghana ilizuia mali za Wafaransa, na baada ya jaribio la tatu Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi mwezi wa Januari 1961. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu yetu iliyo chungu zaidi: urani nyingi iliyotumika kuunda mabomu ya 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya vibarua wa migodi. Watu waliolisema neno "kazi" kama tunavyolisema sisi waliyatoa mawe yale ardhini, na hakuna aliyewaeleza yanakwenda kufanya nini, sembuse kuwauliza rai yao.

Mnaweza kuniuliza kama yote haya si mambo ya kale. Mwezi wa Februari 2019, India na Pakistan, zote mbili zenye silaha za nyuklia, zilirushiana mabomu kwa ndege baada ya askari 40 wa India kuuawa Pulwama, katika Kashmir, tarehe 14, huku uchaguzi wa India ukikaribia na televisheni za pande zote mbili zikishangilia kila kishindo. Rubani wa India aliyetekwa tarehe 27 alirudishwa tarehe 1 Machi, na kila taifa likaambiwa na wakubwa wake kwamba limeshinda. Nashukuru kwamba iliishia hapo. Lakini watu wanaoamini kwamba walishinda kwa nguvu watataka nguvu zaidi mara ijayo, na mtawala aliyewaaminisha hivyo hatakuwa na uso wa kuwaambia vinginevyo.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa walimu wa historia na wahariri wa magazeti walioitikia mwaliko wa jioni hii. Mkisomesha au mkiandika kisa cha Kuba, msikome kwenye tarehe 28 Oktoba. Mtajeni Arkhipov, itajeni barua iliyorudishwa, mtajeni Stevenson na makala yaliyomwaibisha. Kombora la mwisho la Jupiter liliondoka Uturuki mwezi wa Aprili 1963, na tarehe hiyo iandikwe ubaoni kando ya ile ya Oktoba, kwa herufi za ukubwa uleule, ili mwanafunzi aulize mbili hizi zinahusianaje, nanyi mumjibu.